Uzoefu wangu na mabasi ya sakafu ya chini nchini Ujerumani

Nimeyatumia mabasi haya kwa miaka kadhaa, kwanza nikisukuma kigari cha mtoto na baadaye nikimsindikiza mama, ambaye hutumia kiti mwendo. Basi lenyewe nalisifu. Kero zangu nyingi huanzia kituoni.

Sakafu ya mlangoni iko takriban sentimita 32 kutoka barabarani, na basi likisimama dereva hupunguza hewa kwenye springi za upande wa mlango, likainama sentimita 7 hivi. Kituo kikiwa na ukingo wa sentimita 18, kinachobaki ni kidato kidogo ambacho kigari hukivuka kwa kuinuliwa magurudumu ya mbele tu. Mji wa Kassel ndiko ulikobuniwa, katika miaka ya 1990, ukingo wa zege wenye mbonyeo unaoongoza tairi, ili dereva asogee karibu kabisa bila kuhofia kuikwaruza, nami nikiuona ukingo wa namna hiyo roho hutulia. Kwenye vituo vya zamani, au pale mtu alipoegesha gari lake kituoni, basi husimama mbali, na ubao wa kupandia, ambao dereva hushuka na kuukunjua kwa mkono kwenye mlango wa kati, hukaa kwa mwinuko mkali hata nikahitaji msaada wa kumsukuma mama. Sheria ya Ujerumani ya usafirishaji wa abiria iliweka tarehe 1 Januari 2022 kuwa lengo la kuondoa vizuizi vyote, ingawa iliruhusu maeneo kutaja vighairi, na vituo vingi bado havijajengwa upya. Mwendokasi wa Dar es Salaam ulikwepa tatizo hili kwa kuinua jukwaa la kituo lifikie sakafu ya juu ya basi, jambo linalowezekana tu pale njia na vituo vyake vimejengwa kwa ajili yake.

Ndani, kiti mwendo huegeshwa kikitazama nyuma, mgongo ukielekea ubao wenye sifongo, mpango ambao mama haupendi kwa kuwa haoni aendako, lakini ambao humshika vyema dereva anapofunga breki ghafla. Sakafu ikishushwa, magurudumu huingia ndani ya sehemu ya abiria, hivyo viti vingi huwekwa juu ya vifuniko vyake na mzee hulazimika kuvipanda kwa kidato. Yapo pia mabasi ambayo sakafu yake ni ya chini hadi mlango wa kati tu, kisha ngazi huanza. Ni nafuu kutengeneza, lakini watu hurundikana mbele huku nyuma kukiwa na nafasi.

Anayesafiri na kiti mwendo asubiri mahali ambapo dereva atamwona, abonyeze kitufe cha buluu kilicho kando ya mlango wa kati, na ikiwezekana aepuke saa za wanafunzi asubuhi, kwa sababu nafasi yake huwa imekwisha kujaa vigari na mabegi.