Kamera ya Zamani Haisomeki Kwenye Kompyuta? Anza kwa Kununua Kisoma Kadi

Hapa Mwanga, Kigoma mjini, watu huniletea kamera za kurithi au za kununua mkononi zikiwa nzima kabisa: lenzi safi, flashi inawaka. Ila ukiichomeka kwenye laptopu mpya, kimya. CD iliyokuja nayo ilishapotea, na hata ikipatikana, laptopu nyingi za siku hizi hazina pa kuiweka. Draiva, yaani programu ndogo inayoifanya kompyuta iitambue kamera, iliandikwa enzi za Windows 98 au XP, na draiva ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64. Mwenye kamera anaanza kuulizia kompyuta ya zamani ya kununua. Ndugu yangu, ngoja kwanza. Picha zako ziko kwenye memori kadi, na kadi haina haja na draiva ya kamera.

Kwa hiyo namba moja, bila kusita, ni kisoma kadi cha USB, ambacho madukani wanakiita kadi rida. Unachomoa kadi, unaichomeka humo, na kompyuta inaiona kama flashi ya USB ya kuhifadhia mafaili. Ni kitu cha bei ndogo.

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kununua bila kujua aina ya kadi. Vingi vya bei rahisi vina matundu ya SD na microSD tu. Olympus na Fujifilm za miaka ya 2000 nyingi zilitumia xD, Sony walikaa na Memory Stick hadi walipoanza kupokea SD mwaka 2010, na kamera kubwa za kazi zilitumia CompactFlash. Fungua mlango wa kadi, soma jina lililoandikwa, lipige picha kwa simu. Ukiagiza Kariakoo, mtumie muuzaji picha hiyo, maana kifaa kisichofaa kikishafika Kigoma kwa basi au treni, kukirudisha ni gharama nyingine. Kwa CompactFlash, ingiza kadi taratibu na kwa kuinyoosha. Pini zilizo ndani ya kisoma kadi zikipinda, umeharibu.

Na kama unanunua kadi mpya pia, sikiliza hili. SD za kawaida huishia GB 2. Kuanzia GB 4 hadi 32 ni SDHC, iliyotoka mwaka 2006, na kamera nyingi za kabla ya hapo haziipokei kabisa. Nimeshaona mtu akitaka kuitupa kamera nzima kwa sababu ya kadi ya GB 32 inayoandika hitilafu kwenye kioo. Mtafutie GB 2, au microSD ya GB 2 ndani ya adapta yake, inapiga kazi. Fomati kadi ndani ya kamera yenyewe, baada ya kuhamisha picha. Kisha ijaribu: ijaze picha, zifungue zote. Kadi bandia huandikwa ukubwa isiokuwa nao, na picha za harusi zikipotea hazipigwi tena.

Namba mbili ni adapta ya OTG, inayounganisha kisoma kadi na simu. Umeme ukikatika, hii inakuokoa. Ukimtumia mteja kwa WhatsApp, tuma kama dokumenti ili picha isipunguzwe ubora.

Namba tatu ni waya wa USB, kama kamera yako ilikuja bila waya. Ingia kwenye menyu ya kamera, tafuta mpangilio wa USB, ujaribu Mass Storage (kamera ionekane kama flashi ya USB), ikishindikana PTP (njia ya kamera kuhamisha picha kwenda kompyuta). Windows tangu XP inaielewa PTP bila CD. Angalia tundu kabla ya kulipa: nyingi ni mini-USB, lakini baadhi ya Nikon na Olympus zina plagi zao wenyewe. Waya ndio njia ya kutoa picha zilizobaki kwenye kumbukumbu ya ndani, endapo menyu haina amri ya kuzinakili kwenye kadi.

Ya nne ndiyo laptopu ya zamani, na sikushauri. Microsoft waliacha kuihudumia XP tarehe 8 Aprili 2014, hivyo kuiunganisha na intaneti ni hatari. Kabla ya kutoa hela hiyo, weka Ubuntu, mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows, kwenye flashi ya USB na uwashie laptopu yako uliyonayo, Windows ikiachwa ilivyo. Huko kuna gPhoto, programu ya bure inayotambua kamera zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa za enzi hizo.

Ya mwisho ni zile programu za kulipia zinazoahidi kukutafutia draiva. Usilipe, wala usizipakue. Nyingine huingiza virusi kwenye kompyuta.

Ukishafanikiwa, weka tarehe na saa kwenye kamera. Betri ndogo ya ndani inayotunza saa huwa imekufa kwenye nyingi, kwa hiyo kila ukibadilisha betri kubwa iweke upya, la sivyo picha za ndoa ya mwaka huu zitajipanga kwenye kompyuta kana kwamba ni za mwaka 2004.