Trela ya shingo ya bata: tufe au sahani?

Kwa pikapu za Marekani zinazovuta trela za mifugo, tufe la inchi 2 5/16 (mpira wa chuma ambao shingo ya trela huukalia) ndilo bora: likiondolewa, bodi, yaani sehemu ya mizigo ya pikapu, hubaki wazi. Sahani ya kingipini (pini ya chuma ya trela inayoshikwa na taya za sahani) hutulia zaidi barabarani, ila ni nzito, na taya zisipopakwa grisi hukwama.

Kimo cha sahani hubadilishwa tundu kwa tundu. Kubadilisha kimo cha shingo ya tufe, egesha penye tambarare, zuia magurudumu, beba uzito kwa jeki ya trela, legeza boliti, sogeza bomba la ndani la shingo hadi trela ilale sawa na pabaki sentimita 15 kati ya shingo na kingo za bodi. Pakipungua, bondeni shingo hugonga kingo! Kaza boliti, kisha nati zake. Usivute kwa tufe bila minyororo miwili ya usalama.