Banda la barabara ya Entebbe lililokataa hela yangu

Jamani wenye farasi wachanga Kampala na Entebbe hii ni yenu. Nina jike langu nilimnunua mwaka jana, sasa ana miaka miwili na miezi minne, mrefu, anang'aa, ukimwona unasema huyu keshakomaa. Mwalimu wa kwanza niliyempa alimfunga tandiko wiki ile ile akampanda, na siku kumi hazijaisha mnyama akiona tandiko tu analaza masikio nyuma anataka kuuma. Iliniuma sana.

Ndo nikaelekezwa banda moja la farasi barabara ya Entebbe, ukishapita Kajjansi. Nikaenda na hela ya mazoezi ya miezi mitatu. Yule mama mwenye banda urefu hakuuangalia kabisa, alimfungua mdomo akacheki meno, ya kati ndo yanaanza kulegea mengine yote ya utoto, akapapasa juu ya magoti ya mbele, halafu akatoa tepu kama ya fundi cherehani, mzunguko wa kifua sm 160, urefu wa mwili sm 145, akapiga hesabu kwenye simu, mzunguko mara mzunguko mara urefu gawa kwa 11,880, ikatoka kama kilo 312. Akaniuliza, baba, na wewe una ngapi? Mimi 81, na tandiko bado. Akasema hata farasi aliyekomaa anabebeshwa kama asilimia 20 ya uzito wake, mtu na tandiko pamoja, kwa huyu ni kilo 62 tu. Nilinyamaza.

Akanieleza vizuri kwamba mfupa wa juu ya goti la mbele unakuja kufunga, yaani kumaliza kukua, karibu miaka miwili na nusu, ila mgongo, pale pale tunapokaa sisi, ndo wa mwisho kabisa, unaenda mpaka miaka mitano na nusu huko. Kwa hiyo miezi mitatu akaikataa, akachukua wiki tatu za kazi ya chini tu: kuongozwa, kusimama, kutoa mguu kwato zisafishwe, kutembezwa na hatamu ndefu mtu akiwa nyuma. Kumzungusha kwenye duara dogo kwa kamba hawataki, inaumiza viungo. Na kabla ya lijamu, kile chuma cha mdomoni, lazima daktari wa mifugo aangalie vile vijino vidogo mbele ya magego.

Saisi wao, yule mtunza farasi, ni mpole ajabu, hapigi kelele, na jua likianza kuzama wote wanaingizwa ndani kwa sababu ya visubi, wale wadudu wadogo wanaouma, wanaoleta ule ugonjwa wa farasi unaoua haraka. Hilo peke yake lilinitosha kumwacha pale nikalala usingizi.

Ubaya: simu hawapokei, mvua ikinyesha ile njia ya kuingilia ni tope tupu, na bei si ya chini.

Sasa masikio yako mbele tena. Tumekubaliana nimrudishe akifika miaka mitatu na nusu, na atakayeanza kumpanda ni binti mmoja wa pale, mwepesi, dakika 15 akitembea tu. Mimi nitasubiri. Ukienda nenda asubuhi.