Mita ya pH au karatasi? Nimejaribu vyote viwili Newala

Nilitaka kujua pH ya udongo wangu, yaani kiasi cha tindikali: 7 ni katikati, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo tindikali inavyozidi. Nianze na mita, maana ndiyo iliyonila hela. Ni ile yenye vyuma viwili vya kuchomeka ardhini na mshale juu, haitumii betri. Niliagiza Dar es Salaam ikaja kwa basi, sh. 35,000. Nikaichomeka kwenye tuta la mchicha: 7. Chini ya mkorosho: 7. Nikamwagia maji, mshale ukashuka hadi 6.5. Nikaikandamiza, ukashuka tena. Sasa hapo napima tindikali au unyevu? Kumbe vyuma vile ni vya aina mbili tofauti, vikikuta unyevu vinazalisha umeme kidogo, na mshale unafuata huo umeme. Kwenye udongo mkavu unaganda tu kwenye 7, nawe unafurahi bure.

Na mchicha wangu ulikuwa umedumaa, majani ya njano, samadi nimeweka mpaka basi. Mzee jirani akacheka: "Mwanangu, hapo palikuwa na mikorosho. Salfa imepulizwa hapo tangu hujazaliwa." Ni kweli. Salfa ya unga tunayopulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe wa mikorosho, ikidondoka chini, vijidudu vya udongoni huigeuza tindikali, na kichanga chetu hakina ubavu wa kuihimili.

Nikanunua karatasi za kupimia pH, zile zinazogeuka rangi, sh. 8,000 kopo zima. Hizi ndizo nazisifu. Kikombe kimoja cha udongo, viwili vya maji ya mvua (Newala nani hana maji ya mvua kwenye kisima cha nyumbani?), koroga, acha nusu saa. Mara ya kwanza nilikosea: nilichovya kwenye tope, karatasi ikatoka nyekundu kama udongo wenyewe, rangi haisomeki. Subiri maji yatulie, au yachuje kwa kitambaa safi, ndipo uchovye. Nilipata 5. Ukumbuke 5 na 6 hazipishani kidogo: 5 ina tindikali mara kumi zaidi.

Chokaa ya kilimo nilipimiwa duka la pembejeo. Tuta la mita tatu za mraba nikaliwekea nusu kilo, nikachanganya kwa jembe kama sentimita 15 kwenda chini. Usichukue ile ya kupaka ukuta ukadhani ni mamoja. Ile ni kali, inaunguza hata mikono. Wala usiweke chokaa siku moja na samadi, naitrojeni yake, chakula cha mmea, itapotelea hewani. Majivu ya jikoni nayo yanasaidia, ila ni rahisi kuzidisha.

Chokaa haina haraka. Mwezi wa kwanza baada ya kuiweka, karatasi ilisoma vilevile, nikaanza kulaumu muuza duka. Mwezi wa tatu ikafika 6, na mchicha uliofuata tumeula wenyewe na wa kugawa ukabaki.

Mita naitumia kujua kama tuta limekauka, ingawa kidole kinatosha. Tuta la bamia bado lipo 5. Chokaa yake nataka iingie kabla mvua za Desemba hazijakolea.