Redio ya VHF ya boti: usinunue kitufe chekundu kisichojua kilipo

Wenye boti wa Msasani, Kunduchi na Kigamboni wanaleta lalamiko lilelile. Redio ni mpya, kitufe chekundu cha dharura kipo, lakini penye latitudo na longitudo kioo kinaonyesha vistari tu. Muuzaji akiulizwa anasema itashika ukifika baharini. Haitashika ng'o. Redio nyingi zenye DSC, yaani mfumo wa wito wa dijitali unaoendeshwa na kitufe hicho, hazina GPS ndani. Zinangoja chombo kingine kiziambie zilipo, na kama chombo hicho hakipo, zitangoja mpaka zizame na boti.

Kwa hiyo hapa sitapoteza muda na wati wala ukubwa wa kioo. Redio za kufunga karibu zote zina wati 25. Ninachouliza ni kimoja: ukibonyeza, wito unatoka na mahali ulipo, au unatoka mtupu?

Ukiinua kifuniko na kushikilia kitufe kwa sekunde kama 3, redio inarusha ujumbe mfupi wa dijitali kwenye chaneli 70, yaani 156.525 MHz. Ndani yake kuna MMSI, yaani namba ya tarakimu tisa inayoitambulisha redio ya boti yako, aina ya hatari, mahali ulipo na saa uliyokuwa mahali hapo. Redio isiyojua mahali inajaza tarakimu 9 mara kumi, na kwenye saa inaweka 8888. Meli zinazobanwa na SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama baharini, zinasikiliza chaneli 70 usiku na mchana, zikiwemo zile zinazotia nanga nje ya bandari ya Dar zikingoja zamu. King'ora kitalia, afisa wa zamu ataiona namba yako, kisha atakutafuta wapi? Kati ya visiwa vya Mbudya na Mafia kuna maji mengi. Redio yenyewe itarudia wito kila baada ya dakika 4 hivi mpaka ijibiwe, na kila mara itatangaza 9 zilezile.

Watakwambia mahali panaweza kuandikwa kwa mkono. Kweli, lakini baada ya muda wa saa 4 redio inaanza kukukumbusha kuwa taarifa imechakaa, na baada ya saa 23 na nusu inaifuta. Sijui nahodha gani, kusi imechachamaa na maji yanaingia, ataanza kupekua menyu aandike nyuzi na dakika.

Ya kwanza kwangu ni Standard Horizon GX1400GPS, na sifichi kuwa naipendelea. GPS imo ndani ya redio yenyewe, hakuna waya wa kuliwa na chumvi. Kwa boti ya faiba yenye betri ya volti 12 ndiyo hasa. Usiifungie chini ya bati au ndani ya sanduku la chuma, haitaona anga. Inaporusha kwa wati 25 inavuta ampea zinazokaribia 6, hivyo ipe waya wake mnene kutoka kwenye betri, wenye fyuzi. Ukiunga kwenye waya mwembamba wa taa, volti zitashuka na redio itazimika palepale unapoongea. Antena iwe juu kadiri boti inavyoruhusu: upeo wa mawimbi kwa maili za baharini ni takriban 2.2 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita, na unajumlisha wa pande zote mbili. Boti mbili zenye antena za mita 4 zinafikiana kwa maili karibu 9.

Ya pili ni Standard Horizon HX890, ya mkononi. Ina DSC na GPS ndani, wati 6, na ikianguka majini inaelea. Mashua isiyo na betri haina haja ya kutafuta nyingine. Udhaifu wake ni kimo: watu wawili walioketi, redio zikiwa mita 1 juu ya maji, wanafikiana maili 4 na kidogo tu. Simama unapoita, antena iwe wima, na usizime GPS kwenye menyu kwa kubana betri.

Ya tatu, Icom IC-M330GE. Redio nzuri, ndogo, na imeshuka nafasi kwa sababu antena yake ya GPS inakaa nje kwa waya, na plagi moja zaidi ni mahali pamoja zaidi pa kutu. Angalia hiyo G. IC-M330E haina GPS, na sura ni ileile. GX1400 tupu nayo hivyohivyo. Maduka yanayoweka zote mbili kwenye kabati moja kwa bei moja yanajua yanachofanya.

Kama umeshanunua isiyo na GPS, unganisha na GPS ya boti kwa NMEA 0183, lugha ambayo vyombo vya boti hupashana data: waya wa kutoa data wa GPS uende kwenye waya wa kupokea wa redio, na hasi kwa hasi. Kasi ya data pande zote iwe 4800, na GPS itume RMC, sentensi ya data yenye mahali na saa. Vistari vikibaki, mara nyingi GPS imewekwa 38400 au maungio yameota kutu.

Baofeng UV-5R, redio ya mkononi isiyo ya baharini, haina DSC wala haivumilii maji. Tumeimaliza.

Sasa wauzaji. Redio nyingi zinakubali mwenye nayo aingize MMSI mara moja tu, halafu zinajifunga mpaka zirudishwe kwa wakala. Bado kuna wanaojaza 123456789 ili wakuonyeshe kuwa inafanya kazi, kisha wanakuuzia kama mpya. Mitumba ya Ulaya inakuja na namba ya mwenyewe wa zamani, na ukipata shida waokoaji watapewa habari za boti iliyoko nchi nyingine. Namba ya Tanzania inaanza na 674 au 677. Iombe TCRA, mamlaka ya mawasiliano, pamoja na leseni ya redio. Mpya kweli huonyesha kuwa haijajazwa MMSI. Iliyotoka Marekani ihamishie kwenye chaneli za INT, yaani za kimataifa.

Kabla ya kulipa, toka nayo nje ya duka, iwashe, subiri dakika chache. Kariakoo isome karibu na 06°49' S, 039°16' E. Simu ikikuonyesha 6.82, zidisha hiyo .82 kwa 60 upate dakika 49.2. Kitufe chekundu usikiguse. Kikibonyezwa kwa bahati mbaya, futa wito kwenye redio na utangaze kwa sauti chaneli 16 kuwa si dharura. Muuzaji akikataa kutoka nje na redio, mwachie.