Nyumba kuukuu ya matofali ya kuchoma: pesa ya ukarabati ianzie wapi

Mwezi wa saba Njombe, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, saa kumi na moja alfajiri, nyumba ya matofali isiyo na dari ni baridi kama banda. Niliishi kwenye nyumba ya namna hiyo vipupwe viwili kabla sijaikarabati. Watoto walilala na masweta na soksi. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na bati tupu halimsaidii mtu. Kwa hiyo ninayeandika hapa nimeshakosea mpangilio mara moja: nilianza na marumaru na rangi sebuleni. Ukinunua nyumba ya zamani Njombe, Makete, Mafinga au Mbeya, naomba usinifuate huko.

Kabla hujalipa, nenda ukaione mara mbili. Mara moja wakati wa masika, Februari au Machi, mara nyingine alfajiri ya kipupwe. Rangi mpya iliyopakwa kuanzia usawa wa magoti kushuka chini mara nyingi imeficha unyevu. Panda juu na msumari, dunga kenchi na papi, yaani mbao zinazobeba paa. Ukizama bila kutumia nguvu, mchwa wameshakula. Na ukikuta paa la mabati mazito ya kijivu yasiyo ya chuma, fikiria asbesto. Usiruhusu fundi ayatoboe, ayakate wala kuyavunja, maana vumbi lake husababisha saratani. Gharama ya kuyaondoa kwa usalama iingie kwenye mazungumzo ya bei, na kama muuzaji hakubali, mimi ningeondoka.

Nafasi ya kwanza naipa maji, ingawa tunazungumzia baridi. Tofali la kuchoma hunywa maji, na tofali lililolowa hupitisha joto kirahisi kuliko kavu. Nyumba nyingi za zamani hazina nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, hivyo unyevu hupanda. Weka mifereji ya kuvunia mvua kwenye paa, ondoa udongo uliorundikana ukutani, chimba ardhi iteremke kwenda mbali na nyumba. Ni kazi ya jembe na siku chache. Mafundi wengi watakushauri upige lipu ya saruji chini ili kuficha madoa. Baada ya misimu michache itavimba na kubanduka, kwa sababu maji bado yako ndani. Kama matofali ni laini na yamejengewa udongo, jaza viungo vyake kwa chokaa, ili ukuta uweze kukauka.

Nafasi ya pili ni dari, na hapa ndipo pesa yako kubwa iende. Usiku wa anga safi, bati hupoteza joto kuelekea angani hadi linakuwa baridi kuliko hewa yenyewe. Ndiyo maana alfajiri hutokwa jasho na kudondosha matone kitandani. Dari peke yake husaidia, lakini dari yenye pamba ya kioo (nyuzi laini za kioo za kuzuia joto) juu yake hubadilisha nyumba. Sentimita 10 za pamba hiyo huzuia joto sawa na ukuta wa matofali wenye unene wa zaidi ya mita moja na nusu. Ubao wa paini unapatikana kwa urahisi huku kwetu, nami naupenda kuliko jipsamu, kwa sababu paa likivuja jipsamu hulowa na kuanguka. Maranda ya mbao ni ya bei rahisi, lakini hushika moto na kuita mchwa, siyapendekezi. Karatasi ya kung'aa, ile ya kurudisha joto inayowekwa chini ya bati, inafaa pale tu upande unaong'aa unapokuwa na nafasi ya hewa mbele yake. Ikibanwa kwenye bati, kazi yake inapotea. Badilisha nyaya za umeme zilizochakaa kabla ya kutandaza pamba. Fundi avae barakoa na mikono mirefu.

Tatu ni madirisha na milango. Luva za vioo hazifungi kabisa, na upepo wa Julai hupita kana kwamba hazipo. Kubadilisha yote kwa aluminiamu ni gharama kubwa, kwa hiyo anza na vyumba vya kulala. Kwingine weka utepe wa sponji, pazia zito, na kizingiti cha mpira chini ya mlango. Hapa nasisitiza kwa moyo wote: nyumba ikishazibwa vizuri, jiko la mkaa lisiingie ndani. Gesi yake isiyoonekana, kaboni monoksaidi, haina harufu, na huua watu waliolala. Matundu ya hewa yaliyo juu ya madirisha ya jikoni yaachwe wazi.

Sakafu sina mengi ya kusema. Mkeka au zulia hutosha, na marumaru huzidisha ubaridi wa miguu.

Kuta naziweka mwisho kabisa. Ukuta mnene, mkavu, wenye viungo vizima, hauhitaji kufunikwa. Ninapotofautisha ni kile chumba cha nyongeza cha nyuma, kilichojengwa kwa upana wa tofali moja jembamba. Huko, ukishahakikisha ukuta umekauka, simamisha fremu ya mbao ndani, weka pamba ya kioo kati yake, na funika kwa ubao. Chumba hupungua kidogo, lakini mtoto atalala bila sweta.