Kufufua hita na AC ya gari la zamani: kipi ununue kwanza, kipi uache dukani

Mwenye gari la zamani akiona AC haipozi, cha kwanza anachokimbilia kununua ni gesi. Hicho ndicho kingekuwa cha mwisho. Gesi ya AC haichomwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikichukua joto ndani ya gari na kulitoa nje. Ikipungua ujue imevuja, na ukiongeza nyingine bila kutafuta tundu itavuja tena. Mimi nilijaziwa gesi mara tatu katika msimu mmoja kabla ya kukubali kwamba tatizo lilikuwa mipira ya kupitishia gesi iliyochoka.

Kabla ya kufungua pochi, chunguza mambo mawili. Je, gari lilitoka kiwandani na AC? Na je, lile sanduku la hewa lililo chini ya dashibodi, lenye feni, hita na vimilango vya kuelekeza hewa, bado ni zima? Hapa chini nimepanga njia tano kuanzia ninayoipenda zaidi, na majibu hayo yanaweza kuupindua mpangilio wangu, kwa hiyo yaweke kichwani unaposoma.

Jambo jingine ni gesi yenyewe. Magari mengi yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1990 yalitumia gesi iitwayo R12. Gesi hiyo huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zilizoendelea ziliacha kuitengeneza mwishoni mwa 1995. Iliyoshika nafasi yake ni R134a, lakini haimwagwi tu ndani ya mfumo wa zamani. Molekuli zake ni ndogo zaidi, hivyo hupenya mpira wa kizamani. Haichanganyiki na mafuta ya madini yaliyotumika na R12, hivyo kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, inaweza kukosa ulainishaji ikafa. Tena huhitaji kondensa, ile rejeta ya AC iliyo mbele ya gari, inayotoa joto vizuri zaidi.

Nafasi ya kwanza: sanduku la asili, viungo vipya

Kama gari lilizaliwa na AC na sanduku lake halijapasuka, hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Swichi, levaa na matundu ya hewa yanabaki yaleyale, ila moyo wa mfumo unakuwa mpya.

Anza na kompresa. Zile za zamani zilizosimama wima zenye pistoni mbili hutikisa injini, na A6 ya General Motors ina uzito unaozidi kilo 15. Kompresa ndogo ya kisasa kama Sanden SD508, yenye pistoni 5 na ujazo wa sentimita za ujazo 138, ni nyepesi na huzunguka kwa ulaini. Usiinunue kabla ya kupata kishikio kinachofaa injini yako na kuhakikisha puli yake inakaa mstari mmoja na mkanda. Puli ikienda upande hata kidogo, mkanda utalia na kukatika.

Kondensa usiionee huruma pesa. Ile ya zamani ni bomba moja refu linalojipinda kama nyoka. Ya kisasa hugawa gesi katika vijia vingi vyembamba vinavyokwenda sambamba, na tofauti yake utaihisi ukiwa kwenye foleni. Pima nafasi iliyo mbele ya rejeta, kisha chukua kubwa kuliko zote zinazoingia.

Mipira iwe ile yenye utando wa nailoni ndani. Oringi zote, zile pete za mpira za kuzibia viungo, zibadilishwe. Vali ya kutanulia gesi iwe mpya, na draya, kile kichupa cha kunyonya unyevu, iwe mpya kila mfumo unapofunguliwa, hata kama ya zamani inang'aa. Kuhusu mafuta, fuata maandishi ya mtengenezaji wa kompresa. Mfumo ukibaki na kompresa yake ya R12, mafuta ya esta ndiyo salama, maana huvumilia mabaki ya mafuta ya madini. Kiasi cha R134a huanzia karibu asilimia 80 hadi 85 ya uzito wa R12 ulioandikwa kiwandani. Ukibadilisha kondensa, tarakimu hiyo ni ya kuanzia tu; geji za shinikizo ndizo zitakazoamua.

Sasa hita, ambayo watu huisahau. Rejeta ndogo ya hita katika magari mengi ya zamani ni ya shaba, na fundi mzuri wa rejeta anaweza kuichomea au kuiwekea kiini kipya. Ipimwe kwa shinikizo kabla ya kurudishwa, kwa sababu kuifikia mara ya pili kunaweza kumaanisha kung'oa dashibodi yote. Ukinunua ya aluminiamu ni sawa, ila achana na maji matupu na utumie kulenti yenye kinga ya kutu.

Na tafadhali nunua vali mpya ya maji ya hita. Katika masanduku mengi hewa iliyokwisha kupozwa hupita karibu na hita. Vali isipofunga kabisa, maji ya moto yanaendelea kupita humo na kuipasha tena hewa ileile. Nimeona watu wakibadilisha kompresa nzima huku mkosaji ni kivali kidogo hiki. Sponji za vimilango vya hewa nazo husagika zikawa unga, zibandike mpya. Ila uwe na tahadhari: vizuia joto vya baadhi ya magari ya zamani vina asbesto, nyuzi ambazo vumbi lake hudhuru mapafu. Usivikwangue wala kuvipuliza kwa kompresa ya upepo.

Nafasi ya pili: seti kamili ya AC ya gari lako

Kwa gari lisilowahi kuwa na AC, au ambalo sanduku lake limekufa, hapa ndipo pa kwanza. Kampuni ya Vintage Air ya San Antonio, Texas, imekuwa kwenye kazi hii tangu 1976, na Classic Auto Air nayo hutengeneza seti za aina hii. Sanduku moja linapasha, linapoza na kufuta ukungu kwenye kioo. Seti nyingi za sasa huendesha vimilango kwa mota ndogo za umeme badala ya waya zinazokwama.

Soma orodha ya vilivyomo kabla ya kulipa. Je, kishikio cha kompresa kwa injini yako kimo? Je, kuna swichi ya shinikizo inayozima kompresa gesi ikipungua au ikipanda mno? Je, utatumia levaa zako za asili? Ujue pia kwamba huenda ukapoteza sehemu ya kisanduku cha kuwekea vitu kilicho kwenye dashibodi. Kila unachokitoa kifunge na ukihifadhi. Atakayelinunua gari baadaye atakuuliza.

Nafasi ya tatu: asili tupu, pamoja na R12

Hii ni ya gari la maonyesho, linalohukumiwa kwa boliti na stika. AC ya R12 iliyojengwa upya vizuri hupoza kwa raha. Shida ni gesi: iliyopo ni ya akiba au iliyosafishwa upya, na nchi nyingi hudai kibali kwa anayeishika. Mtungi usio na historia upimwe kwa kipima gesi kabla haujaunganishwa.

Nafasi ya nne: kisanduku cha kuning'iniza chini ya dashibodi

Hukati bodi sana na huondoka kirahisi. Lakini huzungusha hewa ya ndani tu, hakipashi joto, na kitagusa magoti ya abiria.

Nafasi ya tano: kompresa ya umeme ya volti 12

Ichukue pale tu ambapo hakuna nafasi ya mkanda. Hula ampea nyingi mno, makumi kadhaa. Gari la volti 6 lenye dinamo lisahau kabisa.

Hata kwenye njia nyingine umeme usiupuuze. Alteneta nyingi za miaka ya 1960 zilitoa ampea 35 hadi 60, na feni ya ndani peke yake ikiwa kwenye kasi ya juu inaweza kuvuta 15 au zaidi. Weka alteneta yenye nguvu, na feni iwe na rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) na fyuzi yake, si kupitia swichi ya zamani.

Vya kukataa hata ukipewa bure: draya ya mtumba, ambayo imekwisha kunywa unyevu wa hewani. Unyevu ukikutana na gesi na mafuta huzaa asidi, na asidi hula mfumo kutoka ndani. Dawa za kuziba uvujaji nazo hapana. Huganda na kuziba vali. Mchanganyiko wa propani na butani usiuguse, kwa kuwa evaporeta, sehemu inayopoza hewa, iko ndani ya kibanda mnamokaa watu, na gesi hiyo hushika moto.

Siku ya kujaza, mwambie fundi apime uvujaji kwa naitrojeni, kisha anyonye hewa kwa pampu kwa dakika 45 na kuangalia kama geji inatulia. Geji ikirudi, gesi isifunguliwe. Kompresa mpya izungushwe kwa mkono mara kumi hivi kabla ya kuwasha, ili mafuta yaliyotuama ndani yasiivunje. Baada ya hapo washa AC dakika chache kila wiki, hata siku za baridi, sili ya shafti ya kompresa ibaki na mafuta.